Vitanda Vinne, Paa Moja

Ujumbe wa wifi yangu uliingia nikiwa kazini, kwenye maktaba ya chuo, nikirudisha vitabu rafuni. Ulikuwa na picha nne na maneno machache. "Wifi, nimepata pa kwenda Desemba. Vijumba viwili vinatazamana. Wewe na kaka huku, mimi na watoto kule. Watapenda sana." Picha zenyewe zilikuwa nzuri, siwezi kukana. Kulikuwa na bwawa, kulikuwa na ile treni ya michezo inayopanda angani na kupinduka na watu ndani, kulikuwa na vijumba vya wageni vya kuezekwa kwa nyasi. Mimi nilikwama kwenye "mimi na watoto." Roho iliniuma pale pale nimesimama, na kitabu cha mtu mkononi.

Nianze kwa kusema ukweli, maana bila huo mengine hayataeleweka. Nina wivu. Sisemi wivu wa mume, huo uliniishia zamani. Mume wangu hata ukimwacha dukani siku nzima utamkuta pale pale anasoma maandishi ya nyuma ya pakiti. Wivu wangu ni wa watoto, na anayenitia wivu huo ni dada yake mume wangu.

Anaishi Midrand, ndani ya mtaa wenye ukuta, walinzi na kiziwa cha bata, katika nyumba ya vyumba vinne anayokaa peke yake. Hakuolewa na hakuzaa. Anafanya kazi katika ofisi kubwa ambayo kila nikimwuliza wanafanya nini humo jibu lake linanipita. Ni mkubwa kwa mume wangu, ndiye aliyemvuta aje Johannesburg, na ndiye aliyekuja kutupokea uwanja wa ndege nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza na miguu imevimba. Alinivua viatu ndani ya gari lake akanivalisha ndala zake. Ningempenda sana mwanamke yule kama wanangu nao wasingempenda hivyo.

Watoto wenyewe ni wawili. Kijana, wakati ninaousimulia, alikuwa na miaka kumi na minane na anamaliza mtihani wa matriki, ule wa mwisho wa sekondari hapa. Msichana alikuwa na kumi na minne. Wote wamezaliwa hapa. Kiswahili wanakisikia lakini hawakisemi. Mimi nawauliza kwa Kiswahili wao wananijibu kwa Kiingereza, na wakiwa na wenzao ni Kizulu mtindo mmoja. Nilikuwa nimeshazoea. Halafu jioni moja, nakaanga vitunguu, nikamsikia kijana nje ya dirisha la jikoni akimrekodia shangazi yake ujumbe wa sauti. "Shangazi, shikamoo. Nimefika salama. Asante kwa chakula, kilikuwa kitamu mno." Kiswahili cha kujikwaakwaa, lakini Kiswahili. Niliviacha vile vitunguu vikaungua. Mimi ndiye niliyemwimbia huyo mtoto kwa Kiswahili tangu tumboni, na anayeamkiwa shikamoo ni mwenye bata wa Midrand.

Sasa, hili la nani alale wapi lilikuwa kubwa kwetu kuliko linavyokuwa kwa watu wengine, na sharti nieleze kwa nini. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nyumba ya vyumba viwili, na kaka zangu wote watatu walilala sebuleni kwa mama hadi walipooa. Kwao mume wangu, magharibi ya Kenya, sivyo. Kijana akishatahiriwa halali tena chini ya paa wanapolala baba yake na mama yake. Hujengewa kijumba chake pembeni ya boma, na humo ndimo anamokuwa mwanamume. Mume wangu ni mtu wa kompyuta, kanisani tunamwona Krismasi tu, lakini kwa jambo hili hana mzaha. Kijana alipofika miaka kumi na mitano alipelekwa hospitali, na alipopona baba yake akaanza kusafisha kile chumba cha uani.

Nyumba nyingi za zamani hapa Randburg zinacho chumba hicho. Waliozijenga walikijenga kwa ajili ya mjakazi wao: mlango unatazama kamba za kuanikia nguo, choo kiko ubavuni, na dirisha limewekwa juu juu ili aliye ndani asione bustani. Wale hawakujua kwamba siku moja kitahesabiwa kuwa kijumba cha kijana katika boma la mtu wa magharibi ya Kenya. Wifi yangu alileta blanketi jipya, jiko dogo la umeme na taa ya kusomea. Kwa desturi yao mama haingii anapolala mwanawe aliyekwisha kuwa mtu mzima, wala hakai kitandani pake. Wifi aliingia, akatandika, akapanga na soksi.

Nilimwuliza mume wangu mbona dada yake anaingia. Akaniambia shangazi kwao ni baba pia, ila amevaa gauni. Nikauliza, na anaweza kulala nyumba moja na kijana? Anaweza, akasema, kwa sababu hana mume kitandani. Sheria yote ni kwa ajili ya kitanda cha baba na mama. Nikaona basi. Hiyo ni sheria iliyozunguka ukoo mzima ikimruhusu huyu na yule, ikaja kusimama mlangoni pangu.

Miaka mitatu sikumwona mwanangu amelala. Labda kwa mtu mwingine hilo si kitu. Mimi nilikuwa na mazoea, tangu amezaliwa, kila nikiamka asubuhi kabla sijawasha jiko, kupita kwanza kumtazama. Alikuwa analala mdomo wazi, mkono mmoja nyuma ya kichwa kama mtu anayeota jua. Baada ya kuhamia uani nikawa namwona akiwa tayari amenawa uso, amevaa, anakuja kunywa chai kama mpangaji. Na Januari alikuwa anaondoka kwenda chuo Cape Town. Nilitaka kitu kimoja tu kabla hajaondoka: alale chini ya paa moja nami, hata kama ni siku tatu za mapumziko, nimsikie akikohoa upande wa pili, nimwone asubuhi na matongotongo yake. Kwa hiyo wifi aliponiletea vijumba vyake viwili vinavyotazamana, mimi upande huu na watoto upande wake, aligusa mahali ambapo hakujua pana kidonda.

Nilimjibu vizuri. "Asante wifi, pazuri. Niachie mimi nitafute." Nikatafuta kama mtu anayetafuta pete iliyopotea.

Jumapili hiyo niliwakalisha mezani na kompyuta ikiwa katikati. Nilianza na hoteli iliyo langoni mwa ile bustani ya michezo ya kwenye picha za wifi, ambayo ina chumba cha familia: kitanda kikubwa cha wazazi, na pembeni vitanda vya ghorofa vya watoto vilivyotengenezwa kama meli ya maharamia, na usukani wake. Binti yangu alicheka hadi akaweka kichwa mezani. Kijana aliitazama picha kwa makini, akasema kwa Kiingereza kwamba kichwa chake kitalala melini na miguu yake itakuwa koridoni. Nikaleta vyumba viwili vyenye mlango katikati. Mume wangu akatikisa kichwa. "Huo ni ukuta wenye tundu," akasema. Nikaleta mahema, mazuri, yenye vitanda na zulia. Binti akauliza choo kiko wapi, nikamwambia hatua hamsini, na mahema yakaishia hapo.

Nilijifunza mengi wiki zile. Mtoto mdogo unamtafutia mahali penye bembea karibu na kitanda chenye kingo, umemaliza. Hawa wakubwa unawatafutia kitanda kirefu, na juu ya hicho unawatafutia umbali kutoka kwako. Binti alikuwa na maswali matatu kwa kila mahali: vyoo ni vingapi, intaneti inafika kitandani, na kioo kirefu kipo au hakipo. Kijana alikuwa na moja tu, kama ni lazima wazazi watembee nao kule kwenye michezo. Na nyuma ya maswali yote alikuwapo wifi, ambaye alikwisha kuwatumia zile picha zake kabla hata hajanitumia mimi.

"Mpango wa Shangazi uko sharp, Mama," kijana akasema kwa Kiingereza, na sharp kwao ni safi. "Kwa nini tunaendelea kutafuta?"

Nikajitia hamnazo, nikasogeza ukurasa.

Mwishowe nilikipata. Kilikuwa kijumba cha mlimani cha kuezekwa kwa nyasi, nyuma ya bustani, mwendo wa dakika kumi kwa miguu hadi kwenye michezo. Chini kina chumba cha wazazi na chumba kingine kidogo chenye kioo hadi sakafuni. Juu, darini, kina chumba kimoja chenye kitanda kirefu na bafu lake, na cha kupanda huko ni ngazi ya mbao iliyoko nje, yenye mlango wake. Vitanda vya watu wanne. Nilipenda mambo mawili katika kijumba kile, na yote mawili nayasema bila aibu kwa sababu aibu nimeshaiona: paa lilikuwa moja, na kitanda cha tano hakikuwapo.

Kwa kweli kilikuwapo. Chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba mgeni wa tano anaweza kuwekewa kitanda cha kukunja akiomba mapema. Nilisoma sentensi hiyo mara moja, nikapandisha ukurasa juu haraka.

Nilimpigia wifi simu mwenyewe, ili asije akasikia kwa watoto. "Wifi, yaani kila mahali pamejaa. Hiki nilichopata ni cha watu wanne tu."

"Hapana neno, wifi," akasema. "Muhimu watoto wafurahi. Watanipigia picha."

Angekasirika ningepona. Angesema hata neno moja la kunichoma ningekuwa na kitu cha kushika. Alinitakia safari njema akauliza kama nina mafuta ya kujipaka ya jua, maana binti ngozi yake huungua mabegani. Kwamba ngozi ya mwanangu huungua mabegani, nilikuwa najua. Sikupenda tu kwamba na yeye anajua.

Ikabaki kesi ya paa. Mume wangu alipoiona picha alisema nyasi ni moja na mimi nikasema milango ni miwili, na tulipochoshana akaituma picha kwao nyumbani, kwa kaka yake mkubwa, ambaye ndiye hakimu wa mambo ya ukoo. Jibu lilikuja kwa sauti, na kuku wanasikika nyuma yake. Aliuliza maswali kama daktari. Kijana akitoka atapita mlangoni pa wazazi? Sakafu ya juu ni ya mbao au saruji? Ngazi imeshikana na nyumba au imeegemezwa? Nilichukua simu ya mume wangu nikarekodi utetezi wangu mwenyewe. "Shikamoo shemeji. Ngazi iko nje kabisa, hata mvua inainyeshea."

Alichukua siku mbili. Inaonekana aliitembeza ile picha kwa wenzake. "Mke wetu," akasema, "tumeitazama. Nyasi ni za paa moja, hilo hatuwezi kulikana. Lakini ngazi ni yake na mlango ni wake, huko ni ugenini, na siku ni tatu. Akipanda kwake na kushuka kwake, sisi tutahesabu kwamba ni nyumba mbili zimeegemeana. Ila mwulizeni kijana mwenyewe."

Mume wangu aliridhika. Kijana hakuna aliyemwuliza. Mimi nilisema moyoni, huyu mtoto wa Johannesburg anayesema eish kabla hajasema amina, ana habari gani na nyasi? Nikalipia kijumba alasiri ile ile.

Tulikwenda wiki ya pili ya Desemba. Lilikuwa joto lile la hapa linaloanza asubuhi na kuishia kwenye radi saa tisa. Tulifika adhuhuri tukaweka mizigo chini bila hata kuifungua, tukakimbilia michezo kabla ya mvua. Watoto walitembea hatua thelathini mbele yetu, kama walivyotaka, na mimi nilitembea nyuma nikizihesabu. Walipanda kila kinachopinduka. Nilimwona kijana akibeba viatu vya dada yake mikononi wakati wa mabomba ya maji ya kuteleza, na furaha ikanijaa hadi nikamshika mume wangu mkono mbele za watu, akashangaa.

Lakini simu ya binti haikutulia. Kila wakishuka chombo picha inakwenda Midrand na jibu linarudi. "Mama, Shangazi anasema hiyo kofia imekupendeza." Nilikuwa nimeinunua kofia ile kwa ajili ya safari, na hakuna mtu mwingine siku nzima aliyeitaja. Niliivua.

Jioni, mvua ilipokwisha, tukagawana vyumba. Binti alikimbilia kioo. Kijana alisimama chini ya ile ngazi ya nje na begi lake begani, akatazama juu, akayafuata majani ya paa kwa macho toka upande wake hadi upande wetu. Akaniuliza kwa Kiingereza kama ni paa hilo hilo moja.

"Baba mkubwa ameshatoa ruhusa," nikamwambia. "Ngazi ni yako, mlango ni wako."

"Sharp," akasema, akapanda. Baada ya muda akashuka tena hadi katikati ya ngazi, akakaa hapo, akampigia simu shangazi yake. Mimi nilikuwa jikoni naosha mchele, na dirisha la jikoni lilikuwa karibu na miguu yake. Alikuwa anasema chini chini, kwa Kiswahili, anasikiliza sana, anatikisa kichwa. Kijiba cha roho kilinipanda. Nilifunga bomba ili nisikie. Sikusikia kitu, na mchele nikaurudia kuuosha mara tatu.

Tulichoma nyama nje kama watu wote wa vijumba vile, kila mlango na moshi wake. Kijana alikula vizuri, akamtania baba yake jinsi alivyopiga kelele kwenye treni, akaosha vyombo bila kuambiwa. Halafu akaaga. Nilisikia miguu yake kwenye ngazi, nikasikia mlango wake, nikasikia hatua zake juu ya dari yangu, huku na huku, kisha kitanda kikalia. Sijui kama nimewahi kusikia sauti nzuri kama hiyo. Nilimfikiria wifi yangu peke yake na bata wake, na nakiri kwamba nilifurahi. Nililala mapema, na nililala fofofo.

Asubuhi niliamka kabla ya wengine. Nikachemsha chai ya maziwa, nikamimina kikombe kimoja, nikatoka nje nikaanza kupanda ile ngazi. Nilijua sitakiwi kuingia. Mpango wangu ulikuwa kusimama mlangoni tu, nimtazame kidogo, nibishe, nimpe chai kwa mkono, nishuke. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Niliusukuma kwa kidole.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa vile vile tulivyokikuta, na ile taulo iliyokunjwa na wahudumu ingali juu yake. Begi halikuwapo.

Nitasema nilichofikiria, ingawa kinanidhalilisha. Nilifikiri wifi amekuja kumchukua. Niliona kabisa gari lake kubwa likipanda kile kilima taa zimezimwa, kijana akishuka ngazi viatu mkononi, wawili wale wakicheka kimya kimya. Nilishuka nikiwa tayari na maneno yote ya miaka kumi na minane, nimeyapanga kwa mstari. Nikalizunguka jengo hadi maegesho nione alama za magurudumu kwenye udongo mbichi.

Gari letu lilikuwa peke yake na vioo vyake vilikuwa vimeingia ukungu kwa ndani. Nilifuta kioo cha nyuma kwa mkono, kwa nje, kisha nikainama kutafuta mahali palipo wazi. Kijana wangu alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma, magoti yamefika kifuani, kichwa juu ya begi, koti la baba yake limemfunika nusu. Mdomo ulikuwa wazi. Mkono mmoja ulikuwa nyuma ya kichwa. Chini ya kidevu alikuwa na vindevu ambavyo sijawahi kuviona, kwa sababu ili uvione lazima mtu awe amelala chali na wewe umesimama juu yake. Nilisimama pale hadi kikombe kikaacha kutoa mvuke.

Sijui nini kilimwamsha. Alifungua macho, akaniona, akaufungua mlango upesi.

"Mama. Umeamkaje? Uko sawa?" Alisema kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake cha kumpelekea mtu mwingine.

"Niko sawa. Wewe unafanya nini humu?"

"Kichwa hakikuumi? Tumbo?"

"Kichwa changu kimefanya nini? Nakuuliza wewe."

Akakaa, akajisugua shingo. Aliniambia alikaa kule juu kidogo, akamsikia baba yake akikoroma chini yake, akashindwa. Akabeba begi, akashuka, akachukua ufunguo wa gari kwenye meza ya nje.

Hasira ilinirudia yote. "Ni Shangazi," nikasema. "Jana pale ngazini. Alikukataza kulala kwangu."

"Hapana." Alinitazama akashangaa. "Shangazi alisema nilale. Alisema mambo ya paa ni ya wazee wa zamani. Alisema Mama ametafuta hii nyumba mwezi mzima, nisikuvunje moyo."

"Basi nani alikukataza?"

Akatabasamu, kama anayefikiri namtania. "Ni wewe, Mama."

Sikuelewa. Akaanza kunieleza polepole, akitafuta maneno, mengine akiyakosa na kuyasema kwa Kiingereza. Jioni ile ya kwanza kabisa, alipohamishiwa uani, alirudi akagonga mlango wa jikoni. Alikuta umefungwa. Akasema anaogopa, anataka kitanda chake. Na mimi nikamjibu kutoka ndani: rudi, ukilala humu ndani atakayeugua ni mimi.

Ndipo nilipokumbuka. Baba yake alikuwa sebuleni, na mimi nilikuwa nimeuegemea ule mlango kwa mgongo na mkono wangu uko kwenye ufunguo. Angegonga mara moja zaidi ningefungua, na ningegombana na ukoo mzima. Nilitafuta neno zito la kumwondoa pale kabla sijashindwa, na hilo ndilo lililokuja mdomoni. Hata sijui kama kwao wanasema hivyo, nilijitungia. Nikazisikia ndala zake zikirudi uani. Baada ya hapo nililisahau, kama unavyosahau yote unayomwambia mtoto ili alale, kwamba mbwa atakuja, kwamba polisi watakuja. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na nilimwambia kwamba akinikaribia nitaugua. Miaka mitatu iliyofuata sababu ya mwanangu kukaa mbali nami nilikuwa naitafuta huko Midrand, kwa wifi.

"Nilisema tu ili ulale," nikamwambia. Sauti yangu sikuipenda. "Hakuna kitu kama hicho. Nilikitunga mimi."

"Najua," akasema. "Nilimwambia Shangazi jana, naye akasema ni kitu cha kutunga."

"Sasa mbona hukulala ndani?"

Alikichukua kile kikombe mkononi mwangu, akainywa ile chai iliyopoa, akatazama kijumba na lile paa lake.

"Shangazi akikosea," akasema, "atakayeugua si yeye."